Dawa Mbili za Mtu Mmoja

Mwanangu Mwajuma,

Umelala umenigeuzia mgongo, na ninajua hujalala. Mtu aliyelala hapumui kwa hasira namna hiyo. Basi endelea. Mimi nakuandikia, maana nikisema kwa mdomo tutagombana tena, na sitaki uondoke hapa Soga kwenda Tabora tukiwa tumenuniana. Barua huwezi kuikatiza katikati na kusema, "Basi mama, nimesikia."

Mambo ya sabuni, ya kufunga sanduku na ya kutovaa nguo mbichi siyaandiki. Umeshakuwa mtu mzima, hayo unayajua. Ninaloandika ni juu ya vile vidonge vyako, vyekundu na vya njano, na juu ya wifi yangu, shangazi yako Tatu. Nataka ufike chuoni na dawa zako zote, na uzimeze wewe peke yako. Hilo tu. Lakini leo mchana nimeona kwamba hilo tu ndilo gumu kuliko yote.

Wanawake walikuja kukuaga vizuri. Wali umepakuliwa, watu wanakula, wanacheka. Shangazi yako akanawa, akatengeneza sauti yake ile laini, akasema mbele ya wote, "Mwajuma mwanangu, kabla hujaenda huko Unyamwezini niachie vile vidonge vyako viwili vitatu. Usingizi umenihama." Nawe ukainuka pale pale. Hukufikiri hata kidogo. Ulikwenda kwenye sanduku kama mtu aliyeombwa chumvi. Ikabidi nikuwahi, nikakinyakua kikopo mkononi mwako, nikasema, "Hivi havigawiwi."

"Wifi, hata kimoja?"

"Hata nusu."

Akajifuta mkono kwenye kanga akaondoka, sahani yake imejaa. Wanawake wakaangaliana. Ukaniambia, "Mama, umeniaibisha," na tangu hapo hujanisemesha. Sikiliza sasa. Sikumnyima kwa sababu simpendi, ingawa ni kweli simpendi sana. Nilimnyima kwa sababu nilipoisikia ile sauti laini niliona kinyaa, kwa kuwa nimeshaisikia kutoka vinywa vingi, na ninajua inakoishia.

Wewe ulikuwa mdogo tulipohamishiwa huku kwenye kijiji cha ujamaa. Nyumba yetu ya karibu na Mlandizi ilibaki kule na minazi yake, tukaja kukaa kwenye mistari, nyumba hii na hii, mlango ukitazama mlango. Mimi nimekulia Kisarawe, kwetu jirani yako unamwona akiwa na shida au akiwa na ubwabwa. Hapa kila mtu aliona chungu cha mwenziwe. Sijui kama hiyo ndiyo iliyoniletea maradhi, daktari hakuniambia hivyo, nami sitamsingizia. Najua tu kwamba siku moja nilikuwa kwenye foleni ya sukari dukani, sina homa, sina deni, sina ugomvi na mtu, mara moyo ukaanza kwenda mbio. Mikono ikafa ganzi. Koo likaziba. Watu walio mbele yangu nikawaona wako mbali, na nikawa na hakika, mwanangu, hakika kabisa, kwamba ninakufa pale pale na kikapu changu. Nikaketi chini. Baadaye kidogo ikapita, nikabaki natetemeka, na mtu mwingine alikuwa ameshachukua nafasi yangu kwenye foleni.

Huhitaji kuelezwa. Wewe nawe ilikushika kwenye chumba cha mtihani mwaka jana.

Mimi wakasema ni kinyamkera, lile pepo la upepo, kwamba limenipanda. Bibi yako, mama wa baba yako, Mungu amrehemu, akaitisha ngoma. Nikafunikwa shuka nikafukizwa kwato na manyoya mpaka macho yakavimba, nikanyweshwa damu ya mbuzi ingali na joto. Mpaka leo nikiona mbuzi anachinjwa ninageuka. Sikatai kwamba wapo waliopona kwa ngoma, mimi sikupona. Nilitoka pale ninanuka, na siku ya pili tu hofu ikanirudia kisimani. Baba yako ndiye aliyechoka kwanza. Akanipandisha basi la Dar.

Daktari niliyempata alikuwa kijana, mpole, mwenye tabia ya kungoja umalize kusema. Akaniambia moyo wangu ni mzima, na hofu ile ni ugonjwa wenye jina na wenye dawa. Akanipa dawa mbili. Ile nyekundu, imipramini, alisema inafanya kazi polepole, wiki kadhaa zitapita sijaona kitu, tena siku za mwanzo huenda nikajiona nimezidi: kinywa kikavu, moyo unadunda, choo kigumu. Hiyo ndiyo dawa yenyewe, nisiiache hata nikijiona mzima. Ile ya njano, diazepamu, inatuliza upesi. Hiyo alinipa inishike mkono wakati ile nyekundu bado inajivuta, kisha yeye mwenyewe ataipunguza kidogo kidogo mpaka iishe. Akanikataza pombe, nikacheka, nikamwambia mimi Mwislamu. Naye akacheka, akasema amewaona Waislamu wengi. Akaniuliza kama kuna dawa nyingine ninayotumia, hata ya miti, kwa kuwa hataki ya tatu iingie bila yeye kujua. Akanionya kwamba nikipata homa ya malaria nimwambie mganga wa zahanati ninameza nini kabla hajanipa chochote.

Yote hayo nimekwambia mara ngapi sijui, nawe huitikia "ndiyo mama" huku unasuka nywele. Lakini kuna jambo moja daktari hakulisema, kwa sababu hakuwa mtu wa kijijini. Hakuniambia wasije wakajua watu kwamba ninazo.

Nilipona, unakumbuka? Nilirudi foleni, nilirudi kisimani, nikaanza tena kuimba jikoni. Ndipo jirani yetu mmoja akafiwa na mwanawe. Mama yule alipiga kelele mpaka sauti ikamtoka, anajirusha chini, wanawake wanne hawamwezi. Nikamwonea huruma. Nikaenda ndani nikachukua kidonge kimoja cha njano, nikampa na maji. Akatulia, akalala, akaamka akazika mwanawe kwa heshima. Watu wakasema Mama Mwajuma ana dawa ya msiba.

Kuanzia hapo, ikitokea tanzia, kabla hata ya kutafuta sanda wanatumwa watoto mlangoni kwangu. Anayelia sana, kidonge. Anayeonekana atalia sana, kidonge. Kilikuwa kama kahawa ya msibani, kinapita kutoka mkono hadi mkono, na asiyepewa ananuna. Mwanamke mmoja alikuja kuchukua vya akiba, mumewe bado anaumwa! Nami niliwapa, na vikipungua nafuata vingine Dar. Nisikudanganye, nilifurahi. Nilikuwa mgeni hapa, mtu wa Kisarawe, na sasa nikiingia mahali ninapishwa mkekani. Nikizikumbuka zile sifa, "Mama Mwajuma ana roho nzuri, hana mkono wa birika," naona kinyaa. Sikuwa na roho nzuri. Nilikuwa ninanunua mahali pa kukaa kwa dawa yangu mwenyewe.

Halafu akaja Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mwinshehe, yule aliyehamia Chalinze baadaye. Alikuja na wajumbe wawili, amevaa kofia, akakaa kwenye kiti cha baba yako.

"Ndugu Mama Mwajuma," akasema, "kamati imekaa. Imeonekana haifai dawa ya jamii kukaa kwenye nyumba ya mtu binafsi. Hiyo ni tabia ya ubinafsi. Itunzwe kwa Balozi, na kila mwenye haja ataipata huko, pamoja na wewe."

"Balozi, hii si dawa ya jamii. Imeandikwa jina langu."

"Hata shamba la mihogo lilikuwa na majina ya watu, ndugu yangu. Sasa ni la nani?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kana kwamba amesema jambo la maana. Na mimi, kwa kuwa nilishawagawia wote, ningesema nini? Ningewezaje kuwaambia leo kwamba ni yangu? Nikampa kikopo. Kidonge changu mwenyewe nikawa nakwenda kukiomba kwa Balozi jioni, ninapiga hodi, ninaambiwa kaa, ningoje amalize kula. Wakati mwingine hayupo. Wakati mwingine mkewe anasema, "Amefunga kabati, njoo kesho."

Haukupita muda kikopo kikawa kitupu. Aliyevimaliza ni Balozi mwenyewe. Alikuwa anavimeza mwenyewe usiku, vya njano, anavisindikizia kwa pombe ya mnazi, maana Balozi wetu kofia ilikuwa ya mchana tu. Vile vyekundu alikuwa amewapa watu wenye maumivu ya kiuno.

Sasa hapa ndipo penye lile jambo ulilolikimbia, na sijawahi kukuuliza. Mimi nilikatiwa dawa zote mbili kwa mkupuo. Siku ya kwanza nikaona usingizi hauji. Baadaye mwili ukaanza kutetemeka, jasho, taa inaniumiza macho, na ile hofu ikarudi imenona. Nikadhani nitavumilia mpaka siku yangu ya kwenda kwa daktari. Tulikuwa kwenye shamba la ushirika tunapalilia, wewe uko mstari wa nyuma yangu. Nikaanguka. Nimeambiwa nilijikunja, nikatoka povu, nikaung'ata ulimi, na nguo zangu zikalowa mkojo mbele ya kijiji kizima. Wewe ulinitazama, ukakimbia ukajificha kwenye mihogo mpaka baba yako alipokuja kukutoa. Sijakulaumu kamwe. Ningekuwa wewe, nami ningekimbia.

Ninaowachukia ni wale watu wazima. Walisimama mbali, wamejishika viuno, wanasema kinyamkera amerudi. Hao hao waliokula vidonge vyangu. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Jamani, si tumemmalizia dawa yake huyu?" Mmoja alinifunika kanga, basi.

Usiku wa siku mbili baadaye mke wa Balozi alikuja mbio kutuita. Mumewe anakoroma vibaya, hashtuki hata ukimfinya, midomo imekuwa rangi ya majivu. Alikuwa amepata vidonge vingine mahali na mnazi ulikuwa mwingi. Wakamfunga kwenye baiskeli wakamsukuma mpaka barabara kubwa, gari la pamba likawachukua. Alipona. Na alipopona unajua alisema nini? Alisema dawa ya Mama Mwajuma ina sumu, na kwamba nilimtegea. Nikitema mate nikisikia jina lake usidhani nina makuu.

Baba yako aliponirudisha Dar, daktari hakunikaripia. Nilitamani anikaripie. Aliniambia tu kwamba mwili ukishaizoea ile ya njano haukubali kunyang'anywa ghafla, unaweza kuangusha mtu namna ile, na kwamba mtu aliyezoea akikatiwa aletwe hospitali, asiachwe nyumbani ajaribu bahati. Akaanza nami upya. Ile ya njano tuliipunguza kwa miezi, nikawa naikata kwa wembe juu ya sahani, robo ikitoka nangoja, nikitulia natoa robo nyingine. Ile nyekundu nilikaa nayo muda mrefu zaidi, kisha yeye mwenyewe akaniachisha. Kijijini nikasema zimekwisha, sina tena. Walivyoacha kunipisha mkekani, mwanangu, ungecheka.

Ndiyo maana wewe ulipopatwa sikungoja ngoma wala fukizo, nilikuchukua moja kwa moja. Ndiyo maana siku zote nasema dawa mbili hizi zimepimwa kwa ajili yako, uzito wako, moyo wako, zikiwa pamoja. Ukitoa moja umevunja zote. Sasa hivi dawa zenyewe hazionekani, zahanati ina kabati na kufuli na ndani hamna kitu. Hutakosa wa kukuomba huko bwenini. Ataumwa kichwa, ataachwa na mchumba, atakuwa na sauti laini

Nimekatiza. Shangazi yako amebisha hodi. Umesikia, najua, ukajifunika shuka mpaka kichwani.

Nilimkaribisha, akakataa kukaa. Amesimama mlangoni, taa inamwangaza usoni. Akasema, "Nimekuletea mali yako, wifi. Nisije nikaitwa mwizi." Akafungua pindo la kanga lenye fundo, akanimiminia mkononi. Vilikuwa vimeshikana jasho na ugoro, vinanuka. Mkono wangu ulitaka kuvitupa. Lakini vilikuwa vingi, Mwajuma. Na vilikuwa rangi mbili.

"Wifi, hivi umevitoa wapi?"

"Kwa nani tena? Mwanao ananipa tangu Idi. Hivi vya njano ndivyo vinanilaza. Hivi vyekundu sioni kazi yake, nilichukua tu kwa kuwa ni vya hospitali. Vingine nimempa Mama Sefu, anaumwa mgongo."

Nikakaa chini mimi. Kwa hiyo wiki iliyopita ulipopatwa na hofu ukishona, nami nikasema ni mawazo ya safari, haikuwa safari. Ulikuwa humezi. Kikopo nilikuachia mwenyewe nikidhani umekuwa mtu mzima, nawe ukawa unagawa kama nilivyogawa mimi, kwa sababu ile ile, ili upendwe. Nimekasirika, na nimechukizwa na wewe, na nimechukizwa na damu yangu iliyomo ndani yako. Haya, nimesema.

Nilikuwa tayari kumfungia shangazi yako mlango usoni. Lakini akasema, "Basi leo sitalala. Jana sikumeza, nikavihifadhi kwa kuwa mwanao anaondoka navyo, nikakesha natetemeka kama mwenye baridi." Akaninyooshea mikono nione. Ilikuwa inatetemeka kweli, vidole vyote.

"Umemeza kila siku?"

"Kila usiku, wifi."

Nikamtazama yule mwanamke, midomo imekauka, na kile kiburi cha mchana hakipo. Mimi niliyesema hata nusu. Nilimkalisha kitini. Nikachagua kidonge kimoja cha njano, nikakifuta kwa upindo wa nguo yangu, nikampa na maji kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia hicho ni cha usiku wa leo tu, si zawadi, ni ili asianguke kabla ya kuonwa na daktari. Nilikuwa nimejaa kinyaa mpaka kooni, na nikampa. Akameza, akasema, "Ahsante, wifi," akaanza kulia. Amelala kwenye mkeka hapa barazani sasa, namsikia anapumua sawasawa, nimemtegea masikio.

Treni ya kesho iende. Chuoni watakungoja, na wakikasirika watakasirika. Nimevihesabu vilivyobaki kikoponi, havikufikishi popote. Nitakuamsha alfajiri, utadhani tunakwenda stesheni, lakini tunakwenda barabarani kusubiri basi la Dar, na barua hii utaisoma humo. Mbele ya daktari utasema mwenyewe ulichotoa na ulichoacha kumeza, sitakusemea. Na shangazi yako atasema chake. Halafu tutaona utaanzaje upya, naye atapunguziwaje.

Tutakuwa watatu kwenye kiti kimoja. Wewe utakaa katikati.

Mama yako